Breki za Matairi Matatu

Habari za ajali nchini kwetu zina sentensi moja ambayo wengi wetu tunaweza kuimalizia kabla mtangazaji hajafika mwisho: chanzo cha ajali ni gari kukatika breki. Basi, imeisha hiyo. Kama vile breki ni mtu mzima aliyeamka asubuhi akaamua kwamba leo hafanyi kazi. Mimi nina hoja moja tu, na naomba wanaosoma ukurasa huu kwenye foleni ya kantini wanivumilie: breki nyingi hazikatiki zenyewe. Kuna mtu alizikata, mara nyingine kwa nyundo, mchana kweupe, na sisi tukamsifia kwamba ni fundi mjanja.

Nazungumzia ule mtindo wa kuziba. Mpira wa breki wa tairi moja umepasuka, spea haipo au mwenye gari hataki kutoa hela. Fundi anachukua paipu inayopeleka mafuta kwenye tairi lile, anaikunja, anaigonga mpaka inakuwa bapa kama ulimi wa nyoka. Au anafungua mpira na kukaza bolti pale ulipokuwa. Mafuta hayavuji tena. Pedali inapanda juu. Gari linaondoka na breki za matairi matatu, wakati mwingine mawili, na konda anaanza kuita abiria.

Kila nikijitambulisha hapa chuoni kwamba natoka Sumbawanga napewa utani uleule wa radi na wachawi. Sawa, nimezoea. Hata jina la mji wenyewe linaelezwa kwa Kifipa kuwa ni agizo la kutupa uchawi, kwa hiyo mnaotutania mmechelewa, tulishaambiwa tutupe. Kinachonikera ni pale utani unapogeuka kuwa maelezo. Gari likiacha njia kwenye mteremko wa kwenda bondeni, msibani hutakosa mzee wa kusema kwa sauti ya chini kwamba pale pana mkono wa mtu. Mimi nakubaliana naye. Mkono wa mtu upo, ila ulishika nyundo.

Kwa ambao hawajafika, niwape picha. Mji wa Sumbawanga uko kama mita 1,800 kutoka usawa wa bahari, juu ya uwanda wa Ufipa. Uwanda huu umeinuka kama meza kati ya mabonde mawili: magharibi kuna Ziwa Tanganyika, mashariki Ziwa Rukwa, na maziwa yote mawili yako kwenye mita 800 hivi au pungufu. Ukisimama juu ya ukingo wa Lyamba lya Mfipa ukatazama Bonde la Rukwa, chini unaona nchi nyingine kabisa. Juu unavaa sweta mwezi wa sita. Chini unatafuta kivuli. Juu ni mahindi, maharage na ulezi; chini ni mpunga na ufuta na samaki. Watu wa Muze, Mtowisa na Ilemba wakihitaji hospitali ya rufaa ya mkoa wanapanda juu. Wakirudi wanashuka mita elfu moja, kona kwa kona. Barabara kuu ya kwenda Tunduma ina lami na mabasi makubwa. Safari za kuvuka ukingo wa bonde ni habari nyingine, na kwa miaka mingi kazi hiyo imefanywa na magari ya porini, Land Rover zamani, na Land Cruiser ambazo umri wake unazidi wa kwangu.

Nina miaka ishirini na miwili. Gari nitakalolieleza ni la miaka ya 1990.

Likizo ndefu iliyopita nilishinda kwenye gereji ya baba mdogo. Nilienda kwa sababu bumu lilikuwa limeisha na kwa baba mdogo chakula cha mchana ni cha uhakika, lakini nilibaki kwa sababu kazi ilininogea. Wateja walikuwa wananisalimia halafu wanauliza, "Binti, fundi yupo?" huku mikono yangu ina grisi mpaka kwenye viwiko. Nilikuwa najibu kwamba yupo, na naendelea kufungua nati.

Dereva mmoja alileta Land Cruiser ndefu yenye injini ile ya 1HZ, nyuma ina mabenchi, na lalamiko lake lilikuwa dogo tu: gari linavuta kulia. Akasema labda ni balansi ya tairi. Baba mdogo hakujibu. Aliweka kiganja karibu na rimu ya mbele kulia, bila kuigusa, kama mtu anayepima joto la jiko. Kisha akaniambia, "Ticha, piga jeki."

Tulichokikuta ndicho kilichonifanya niandike makala hii, kwa hiyo hapa nitakaa kidogo.

Mbele kushoto, mpira wa breki ulikuwa na nyufa nje kama kisigino cha mtu anayelima bila viatu. Ukiukunja kidogo nyuzi za ndani zinaonekana. Ulikuwa haujavuja bado. Ulikuwa unasubiri siku yake. Mbele kulia mpira ulionekana mzima, tena msafi kuliko wenzake, na huyo ndiye aliyekuwa mbaya zaidi. Umezeeka kwa ndani, ukavimba, tundu la kupitisha mafuta likabaki jembamba mno. Dereva akikanyaga, nguvu ya mguu inasukuma mafuta yanapita. Akiachia, hakuna kinachoyasukuma kurudi kwa nguvu ileile, yanakwama, na pedi zinabaki zimekamata diski. Tairi la kulia lilikuwa linafunga breki safari nzima bila kuombwa. Ndiyo maana gari lilivuta kulia, ndiyo maana rimu ilikuwa ya moto.

Nyuma kulia, paipu ilikuwa imekunjwa na kugongwa. Baba mdogo akauliza nani aliziba pale. Dereva akacheka kwa furaha kabisa.

"Huyo fundi ni noma, mzee. Tulikuwa porini usiku, dakika kumi tu tukaondoka."

"Lini?"

"Kabla ya mvua."

"Mvua zipi?"

Dereva akawaza kidogo. Ilikuwa kabla ya mvua za mwaka wa nyuma yake.

Kwenye kopo la mafuta ya breki kulikuwa na kitu cheusi kama kahawa iliyolala, na harufu yake haikuwa ya mafuta ya breki. Mtu alikuwa ameongezea oili ya injini. Nilipouliza kuna ubaya gani, mafuta si mafuta tu, baba mdogo alifungua kifuniko akanionyesha mpira wake wa ndani: umetanuka, umelainika, haurudi tena kwenye mfereji wake. Mafuta ya breki ya kawaida, yale ya DOT 3 na DOT 4, hayatokani na petroli, na mipira ya ndani ya mfumo imetengenezwa ivumilie hayo tu. Ukiweka oili ya injini au dizeli, mpira unainywa na kuvimba. Kwa hiyo kila mpira uliokuwa ndani ya mfumo ule, kuanzia masta silinda mpaka wili silinda za nyuma, ulikuwa wa kutupa. Mwenye gari aliokoa hela ya kichupa kimoja cha mafuta.

Na bado kulikuwa na hozi ya vakyumu, ile inayotoka kwenye pampu iliyo pamoja na altaneta kwenda kwenye lile bakuli jeusi linalomsaidia dereva kukanyaga. Ilikuwa imepasuka, ikafungwa kwa ukanda wa tyubu ya baiskeli. Hozi hii naitaja kwa sababu ya jambo ambalo watu wa pwani hawalijui. Lile bakuli linafanya kazi kwa kutumia uzito wa hewa ya nje: upande mmoja hewa imenyonywa, upande mwingine hewa ya kawaida inasukuma. Sasa kwenye mita 1,800 hewa ina msukumo wa kama asilimia 80 tu ya ule wa Dar es Salaam. Maana yake hata gari zima, lenye hozi mpya, likiwa Sumbawanga linapata msaada pungufu kwa karibu moja ya tano. Ndiyo hewa hiyohiyo inayofanya maji yachemke kwetu kwenye nyuzi 94 hivi, na maharage yachelewe kuiva. Mama zetu wanalijua hilo bila kusoma fizikia. Madereva wanaopandisha magari kutoka pwani nadhani wangeambiwa.

Nasoma ualimu, fizikia na hisabati. Kanuni ya Pascal, yule Mfaransa aliyefariki mwaka 1662, niliisoma sekondari kama tulivyoisoma wote: msukumo ukiingizwa kwenye kimiminika kilichofungiwa, unasambaa sawa kila upande. Tulichora bomba moja jembamba na moja nene, tukaandika jina la Bramah aliyesajili mashine yake Uingereza mwaka 1795, tukapata alama zetu, tukasonga mbele kwenye mada inayofuata. Darasa zima hakuna aliyetuambia kwamba kanuni hiyo imeegeshwa pale nje, kwenye gari la mkuu wa shule.

Chukua mfano rahisi. Dereva anakanyaga kwa nguvu ya kilo 20. Pedali ni wenzo, tuseme unazidisha mara tano, inakuwa kilo 100 kwenye pistoni ya masta silinda. Kama pistoni ina eneo la sentimita nne za mraba, ndani ya paipu kuna kilo 25 kwa kila sentimita ya mraba. Tairi la gari dogo lina kama kilo mbili na nusu. Kwa hiyo ule mpira mweusi mdogo unaouona nyuma ya tairi unabeba mara kumi ya upepo wa tairi kwa kukanyaga kwa kawaida tu, na mtu akishtuka akasimamia pedali kwa nguvu zote, namba hiyo inapanda mara kadhaa. Unabeba hayo huku unakunjwa kila usukani ukizunguka, unapigwa mawe, unaloa tope, unakauka, miaka thelathini. Halafu unapasuka siku mguu umekanyaga kwa hofu kuliko siku zote, maana siku hiyo ndiyo msukumo umekuwa mkubwa kuliko siku zote. Wanaosema ni ajabu breki zilikata "palepale zilipohitajika" wafikirie hapo. Hakuna ajabu.

Na mteremko? Hesabu hii niliifanya nyuma ya risiti ya spea. Gari lenye abiria na magunia, tani tatu, likishuka mita elfu moja linapoteza nishati ya jouli milioni 29 na ushee. Nishati hiyo haipotei hewani kwa maombi, lazima iende mahali. Inatosha kuchemsha lita zaidi ya 80 za maji ya bomba. Dereva mwenye akili anaigawa: anashuka na gia ndogo ili injini ibebe sehemu kubwa. Dereva mwenye haraka anaiacha yote kwenye breki, na kama breki ziko tatu, basi tatu zinabeba ya nne. Zinapata moto. Mafuta ya breki nayo yana tabia ya kunywa unyevu kutoka hewani. DOT 3 mpya inachemka kuanzia nyuzi 205, lakini ikishakunywa maji kiwango chake kinashuka mpaka kwenye 140 hivi. Yakichemka yanatoa mvuke, na mvuke unabonyea. Pedali inazama mpaka chini, hakuna kilichovuja, hakuna kilichokatika. Gari likishapoa pedali inarudi kama vile hakijatokea kitu. Hapo ndipo uchawi unapopata ushahidi wake.

Matengenezo yenyewe yalichukua siku mbili na nusu. Tulitoa mipira yote mitatu, miwili ya mbele na ule wa nyuma unaoshuka kwenye difu. Tulibadilisha paipu iliyogongwa, maana paipu iliyokunjwa hainyooshwi, ikinyooka inabaki na ufa. Mipira ya ndani ya masta silinda na wili silinda ikatoka yote, mfumo ukasafishwa kwa mafuta mapya ya breki, si petroli. Washa za kopa zikawekwa mpya. Wakati pedi zinafunguliwa baba mdogo alinikataza kuacha kalipa inaning'inia kwa mpira. Aliifunga kwa waya kwenye springi. Mipira ilipofungwa akanifanya nizungushe usukani mpaka mwisho kushoto, mpaka mwisho kulia, huku yeye amelala chini anaangalia kama mpira unagusa tairi au unajisokota. Kitu ambacho kingechukua sekunde ishirini kwenye kila gereji nchini, na sijui wangapi wanakifanya.

Kisha kutoa upepo. Tulianza tairi la mbali kabisa na masta silinda, yaani nyuma kushoto kwa kuwa dereva wetu anakaa kulia, tukaja nyuma kulia, mbele kushoto, tukamalizia mbele kulia. Mimi kwenye pedali, yeye chini na spana na mpira mwembamba uliotumbukizwa kwenye chupa. "Ticha, piga. Piga. Piga. Shikilia." Anafungua nipo, pedali inazama, mapovu yanatoka kwenye chupa, anafunga. "Achia." Ukiachia kabla hajafunga, mfumo unanyonya hewa na mnaanza upya. Tulirudia mpaka mafuta yakatoka safi bila povu hata moja. Mguu ulinikaza kwa siku mbili.

Mpira ule wa mbele kulia tuliupasua kwa msumeno. Tundu lake la ndani lilikuwa limebaki dogo kiasi kwamba sindano ya kushonea viatu ilipita kwa shida. Nimeuchukua. Upo bwenini kwangu kwenye droo, na mwenzangu wa chumba ameshalalamikia harufu.

Sasa tuje kwenye lawama, maana najua wengine mmeshaandaa jibu. Mtasema fundi wa porini afanyeje? Usiku, mvua, kuna mgonjwa nyuma, duka la spea liko kilomita sabini. Nakubali. Kuziba tairi moja ili gari tupu litembee polepole lifike gereji ni uamuzi wa dharura, na mtu anayeweza kuufanya gizani kwa spana mbili ana ujuzi ambao wengi wetu wenye kadi za maktaba hatuna. Sibishani na dakika zile kumi. Nabishana na miezi ile kumi na kitu iliyofuata, ambapo gari lilipanda na kushuka na watu, kila mtu anajua, hakuna anayesema.

Nilipomuuliza baba mdogo kwa nini mafundi hawakatai, alinijibu swali kwa swali. Fundi akikataa, mwenye gari anakwenda gereji ya pili, ya tatu, mpaka atakayekubali. Aliyekataa analala njaa na gari linashuka vilevile. Mwenye Land Cruiser ile alipofika na kuona orodha ya spea alisema neno ambalo nimelisikia kwa wenye magari wengi: "Si lilikuwa linatembea?" Kila gari linatembea, mzee. Tunachodai hapa ni kusimama. Mipira mitatu ilimgharimu pungufu ya mapato ya safari moja iliyojaa. Alilipa, nashukuru, ila alilipa kama mtu anayetozwa faini.

Kwa hiyo lawama yangu kubwa iko kwa mwenye gari, halafu kwa sisi abiria. Abiria tunakagua vitu vya ajabu. Tunakagua kama gari lina muziki, kama konda ana chenji. Tukiona stika ya Nenda kwa Usalama kwenye kioo tunaridhika. Sijawahi kumsikia abiria akimuuliza dereva, kwa heshima tu, "Kaka, breki zinashika matairi yote?" Swali hilo ni la bure. Na lingeulizwa na watu kumi kila asubuhi stendi, mwenye gari angechoka kulikwepa kabla hajachoka kununua mpira.

Lawama ya tatu nailetea hapa hapa chuoni. Mtaala mpya ulioanza kutumika mwaka 2024 umeingiza mkondo wa amali sekondari, na kwenye korido zetu nimeshasikia unaitwa mkondo wa vilaza. Watu wanaosema hivyo ni walimu watarajiwa, wenzangu kabisa, ambao baada ya muda mfupi watasimama mbele ya watoto hao. Nauliza kwa upole: kati yangu niliyepata alama za Pascal na kijana wa gereji aliyeishia darasa la saba lakini anajua kwa kuangalia pedali kama kuna hewa, mpira umevimba, au bakuli halina vakyumu, nani ameelewa Pascal? Hajui kuiandika. Nami kabla ya likizo ile nisingejua kuipata hata ikiwa inavuja mafuta miguuni kwangu. Elimu yetu imegawa kitu kimoja vipande viwili, ikampa huyu jina na yule akapewa mkono, na katikati pakabaki nafasi ya mtu kumimina oili ya injini kwenye kopo la breki kwa sababu hakuna aliyewahi kumwambia kwa nini isiwe hivyo. Yule fundi wa porini hakuziba kwa ubaya. Aliambiwa kuziba kunasimamisha uvujaji, na kweli kunasimamisha. Sehemu ya pili ya somo hakuipata, kwa kuwa sehemu hiyo inafundishwa kidato cha kwanza, kwa Kiingereza, kwenye chumba kisicho na hata paipu moja.

Nyerere alilisema hili Machi 1967 kwenye Elimu ya Kujitegemea, na sisi tukalitekeleza kwa kulima bustani ya mwalimu wa zamu. Na kwetu Ufipa tusijifanye kwamba ufundi ni mgeni aliyeletwa na mtaala. Wahunzi wa Kifipa walijenga malungu, matanuri ya udongo marefu kuliko mtu, yenye matundu chini yanayovuta hewa yenyewe bila mivukuto. Chuma kilichotoka humo kikasafishwa tena kwenye tanuri dogo lililopulizwa kwa mivukuto. Kazi hiyo iliendelea hadi miongo ya mwanzo ya karne iliyopita. Hao waliijua hewa na joto kwa mikono yao, na maarifa yao yalirithishwa kwa mtoto kukaa karibu na mtu mzima anayefanya kazi. Ndicho nilichofanyiwa mimi kwenye pedali.

Ninachopendekeza hakihitaji fungu jipya la bajeti. Kabla ya BTP, kila mwanafunzi wa ualimu wa sayansi akae siku tano kwenye gereji, karakana ya kuchomelea au kwa fundi umeme, jirani na shule atakayopangiwa. Aandike mambo matatu aliyoyaona ambayo yamo kwenye silabasi, na majina yake ya Kiswahili kama mafundi wanavyoyaita, maana majina hayo yapo na yanaeleweka. Akienda darasani abebe kitu: mpira uliopasuliwa, pedi iliyoisha, wili silinda yenye kutu. Gereji zinatupa vitu hivi kila siku. Na upande wa pili, fundi yule aalikwe shuleni kipindi kimoja, alipwe nauli, aitwe mwalimu mgeni, aulize na kuulizwa. VETA wana utaratibu wa kuwapima na kuwapa vyeti mafundi waliojifunzia mtaani. Mwalimu kijana aliye jirani anaweza kumsaidia fundi kujaza fomu na kumweleza ile sehemu ya pili ya somo aliyoikosa. Saa mbili za jioni zinatosha kueleza kwa nini mafuta ya breki hunywa maji.

Wapo waliokwisha kuniambia kwamba wasichana hawatapokelewa gereji. Tutapokelewa. Siku ya kwanza watauliza kama fundi yupo, siku ya tatu watauliza kama utarudi kesho.

Barua yenye pendekezo hili iko kwa waziri wa elimu wa serikali yetu ya wanafunzi tangu wiki ya tatu ya muhula, nakala kwa mratibu wa BTP. Ina saini kumi na saba, na kumi na moja kati ya hizo ni za watu wa fizikia na kemia. Orodha ya shule za BTP hutoka wiki ya kumi na mbili. Anayetaka kuongeza saini anipate maktaba, ghorofa ya chini, meza za dirishani, jioni baada ya vipindi. Mpira wenyewe nitakuwa nao, umefungwa kwenye mfuko wa plastiki.